Mto Niliopima kwa Tumbo Kubwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefunga kazi rasmi. Sketi ya mwisho imechukuliwa saa nne asubuhi. Mwenyewe kajigeuza mbele ya kioo mara tano, kisha akasema imemkaa. Kwa nini isimkae, kwani nimeshona gunia? Nikageuza kibao cha mlangoni — TUMEFUNGA — nikarudi kukaa kwenye kiti changu cha cherehani. Tumbo likagota kwenye meza. Wiki ya thelathini na saba!

Kuanzia leo nina mteja mmoja tu. Hajazaliwa, hana vipimo, na hatanisumbua kwa habari ya pindo.

Daftari hili ni la vipimo vya watu. Kurasa za nyuma ziko tupu, basi nitaandika humu mambo yangu. Hakuna atakayechungulia. Nani asome viuno na mabega ya watu?

Niandike jambo moja waziwazi, halafu nisilirudie. Huyu nataka nimnyonyeshe. Yule wa kwanza, Bibi Maswali wangu, nilimnyonyesha siku kumi na mbili tu. Chuchu zilichanika, mimi nalia, mtoto analia, na kila aliyeingia chumbani alikuja na dawa yake. Siku ya kumi na tatu nikanyoosha mikono. Sasa ana miaka sita, ana afya tele, anaruka kamba mpaka viatu vinaomba msamaha. Hakuna aliyenilaumu. Nimejilaumu mwenyewe, kimya kimya, miaka yote sita.

Basi. Nimeshasema.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Darasa la akina mama watarajiwa. Tulikuwa tisa kwenye benchi mbili, na matumbo yetu mbele. Nesi wetu namwita Nesi Miwani, kwa sababu miwani yake hukaa kichwani siku nzima na yeye huitafuta siku nzima.

Nilikwenda na orodha yangu ya vifaa vya kunyonyeshea, kurasa mbili, nimeitoa kwenye simu. Kaisoma yote, kacheka, kaazima kalamu yangu, akaanza kukata. Kata, kata, kata! Vilivyobaki: sidiria mbili za kunyonyeshea, zisizobana. Vipedi vya kuweka ndani ya sidiria maziwa yakivuja. Kikombe safi chenye mdomo mpana, cha kukamulia. Nepi za kutosha. Chupa ya maji — “ya kunywa wewe, si mtoto.” Kiti chenye mgongo. Na mto, ukipenda.

Nikauliza, pampu je? Akasema subiri kwanza, mikono si unayo? Sabuni maalumu ya kusugulia chuchu aliikata mara mbili mpaka karatasi ikatoboka. Kifaa muhimu kuliko vyote, kasema, hakiuzwi dukani: mtu wa kukuoshea vyombo. Wote tukaangua kicheko. Mmoja akauliza huyo mtu anapatikana saizi gani.

Kisha akasisitiza, saa ile ya kwanza mtoto alale kifuani, ngozi kwa ngozi. Akipanua mdomo vizuri ndipo umvute. “Mlete mtoto kwenye ziwa. Usipeleke ziwa kwa mtoto.” Nimeiandika, nikaipigia mstari.

Mto, ukipenda. Nikipenda? Mimi fundi!

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzuri sana. Nimeshona tangu asubuhi bila mtu kunihimiza.

Vipedi kwanza. Flana juu na chini, kitambaa cha taulo katikati. Nilichora duara kwa kibakuli cha sukari, nikakata, nikashona ukingo kwa zigizaga. Ishirini na vinne. Bibi Maswali kavihesabu, vikawa ishirini na viwili. Viwili vingine viko kwenye kifua cha mwanasesere.

Halafu mto. Nimetumia kile kitambaa cha kijani chenye madoa meupe kilichobaki kwenye mapazia. Umbo la mwezi mchanga, uzunguke kiuno, mtoto alale juu yake, mikono yangu ipumzike. Nikajizungushia tepu. Sentimita mia moja na kumi! Nikakata, nikashona, nikajaza sufi mpaka ikagoma. Nikauvaa. Umenishika barabara, hata karatasi haipiti kati ya mto na tumbo. Nikatembea nao nyumba nzima, najiona.

Mume wangu akarudi kazini. Yeye ni fundi wa mafriji, basi kauzunguka mto kama anatafuta wapi gesi inavuja. Akasema haujaacha hata nafasi ya kupumua. Nikamwambia wewe shughulika na friji zako, vitambaa niachie mimi.

Na kweli alishashughulika. Katoa kila kitu kwenye rafu ya juu ya friji letu. Kaweka kipimajoto. Kabandika karatasi: MAZIWA YA MTOTO. USIGUSE. HATA WEWE. Maziwa hayapo, mtoto hayupo, ila rafu ipo. Nampenda huyu mtu jamani.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amefika. Begi moja, viatu jozi mbili, maneno machache. Kanitazama tumbo, akasema, “Limeshuka, mwanangu.” Akaingia jikoni akaanza kupanga upya sufuria zangu. Nimemwacha.

Wakati wa chakula Bibi Maswali akauliza, “Mama, mimi nilinyonya?” Vijiko vyote vikasimama. Nikasema kidogo. “Kidogo kiasi gani? Kikombe?” Mama mkwe akamwambia ale chakula chake. Mume wangu akaanza kusifia mboga, yeye ambaye hasifiagi mboga.

Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumanne, 11 Machi

Nilikuwa natafuta pini kwenye droo ya chini ya kabati. Chini ya masweta, mkono ukagusa kitu kigumu. Kopo. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga, jipya, halijafunguliwa.

Moto ukanipanda! Nani kafika juzi na begi? Nikajua ni Mama mkwe. Kwa hiyo hata kabla sijaanza wameshanihukumu. Nikarudi kwenye cherehani, nikakata gauni la kunyonyeshea kwa hasira. Nimekata kombo. Mimi, kombo! Sijawahi tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi.

Wakati wa chakula cha jioni nikaliweka kopo katikati ya meza, puu. Mama mkwe akalitazama kopo, akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama sahani.

Kumbe ni yeye! Kalinunua mwezi uliopita. Akaanza kujieleza, masikio mekundu: mara ile ya kwanza alizunguka maduka manne na mvua ile, na mimi nyumbani nalia, na alipofika kopo halikuwa sahihi, akatoka tena. Hataki kuzunguka tena. Ni spea tu. Unaiweka, unaomba isihitajike. Nikamwambia mimi si friji. Akasema anajua. Nikasema haonekani kujua. Nikaanza kulia, si kidogo.

Mama mkwe akaweka kijiko chini. “Nimezaa wanne. Wawili walikua kwa ziwa, wawili kwa chupa. Haya, niambie huyu mumeo ni wa wapi.”

Nikamwangalia mume wangu. Mabega, meno, kitambi kinachoanza. Nikabahatisha: ziwa?

“Chupa. Tangu wiki ya kwanza.”

Mwenyewe alikuwa hajui! Mdomo wazi. Miaka thelathini na minane! Bibi Maswali akaruka, “Baba ni wa chupa! Baba ni wa chupa!” Nikacheka mpaka tumbo likakaza, nikadhani ndiyo mambo yenyewe. Mama mkwe naye kacheka, kajifunika mdomo.

Kopo tumeliweka juu ya kabati, mahali pa wazi. Hakuna kuficha kitu tena nyumba hii.

Lakini bado nataka kunyonyesha. Sasa si kwa sababu ya kujilaumu. Nataka tu. Nilitaka na wa kwanza pia.

Alhamisi, 13 Machi

Begi la hospitali tayari. Magauni mawili yanayofunguka kifuani kwa vifungo (zipu nimeitoa, inabana nyama). Sidiria mbili. Vipedi kumi. Chupa ya maji. Mto hauingii — nimeufunga juu kwa kamba. Mume wangu anasema tunaonekana tunahama.

Jumapili, 16 Machi

Maji yametoka nikiwa napiga pasi vipedi! Naandika nimesimama. Mume wangu anatafuta funguo na ziko mkononi mwake. Mama mkwe kachomoa pasi, kavaa viatu, yuko mlangoni. Twende!

Jumatatu, 17 Machi

Mvulana!

Jana saa kumi alasiri. Kilo tatu na gramu mia mbili. Wakamlaza kifuani pangu kabla hata ya kumfuta vizuri. Nikamngoja. Nilikuwa nimejiapiza kumngoja. Akalala, akapiga chafya, akaanza kujisogeza mwenyewe kwa vigoti, kidogo, kidogo — na akafika! Matone ya manjano, kijiko hakijai. Mkunga akasema ndiyo dozi yake hiyo, tumbo lenyewe ni la gololi.

Jina bado tunabishana. Kwa sasa anaitwa Mgeni.

Tumerudi nyumbani leo mchana. Bibi Maswali kamchunguza kucha zote ishirini, akatangaza kwamba zimetimia.

Jumatano, 19 Machi

Maziwa yamejaa. Matiti yamekuwa mawe, vipedi navibadilisha kila saa, gauni la kwanza limeshaloa. Furaha tupu, mpaka anaponyonya. Upande wa kulia unaniuma sana.

Na mto — sijui una nini. Mgeni hakai. Nikimlaza anateleza kwenye nafasi kati ya mto na mimi, anaishia kuwa chini, namfuata kwa kuinama. Mgongo unawaka. Mama mkwe alikuja na taulo, akataka kulisokota aliingize pale. Nikakataa. Taulo, kwenye mto wangu? Mto niliopima mwenyewe? Akalikunja taulo lake, akaondoka.

Jioni. Chuchu ya kulia imepasuka. Haya maumivu nayajua. Ni yale yale. Naogopa.

Ijumaa, 21 Machi

Kilo mbili na gramu mia tisa.

Nesi Miwani alipima mara mbili. Akasema watoto wote hupungua kidogo mwanzoni, ila huyu kapungua kidogo zaidi ya anavyopenda yeye. Kisha akasema nimnyonyeshe mbele yake, aone.

Nikautoa mto. Hapo bado nina maringo! Mama mmoja kwenye benchi akausifia rangi. Nikauvaa, nikamlaza Mgeni, nikainama, nikampa. Nesi akasogea karibu. Miwani ikashuka kutoka kichwani mpaka machoni. Leo kaipata mara moja.

“Ulijipima lini kwa ajili ya huu mto?”

Wiki ya thelathini na saba, nikasema.

Akaingiza mkono kati ya mto na tumbo langu. Mkono mzima. Kisha akachukua faili la kadi za kliniki, nene hilo, akalisimamisha pale. Likasimama lenyewe.

Mungu wangu.

Mimi! Miaka kumi na moja nawaambia wateja wajawazito: nguo ya baada ya kujifungua usipime leo, mwili utabadilika, rudi baadaye. Nawaambia kwa ukali kabisa. Halafu mimi mwenyewe nimejipima tumbo lenye mtoto ndani, nikashona mto wa mtu ambaye hayupo tena! Na siku nne nzima nainama kumfuata mtoto shimoni. Napeleka ziwa kwa mtoto. Sentensi ile ile niliyoipigia mstari.

Nilicheka, halafu nikalia, halafu sijui lipi lilikuwa lipi. Nesi akanipa tishu bila kunitazama sana, namshukuru kwa hilo.

Akauondoa mto. Akaniegemeza mgongo kwenye kiti. Akasokota shuka la kliniki, akaliweka chini ya mkono wangu. Pua ya mtoto ielekee chuchu, kasema. Ngoja. Ngoja... apanue... sasa! Akamshika mtoto mgongoni, akanivutia mzima mzima. Uchungu kidogo wa kwanza, kisha ukaisha. Ukaisha!

“Sikiliza,” kasema. Nikasikiliza. Kh. Kimya. Kh. Anameza.

Turudi Jumanne. Mzani ukiwa umepanda, tunaendelea hivi hivi. Usipopanda, tutazungumza habari ya kumwongezea. Nyonyesha kila anapotaka, mara nane, kumi, kumi na mbili, na hesabu nepi zinazoloa.

Nyumbani nimelitazama kopo juu ya kabati. Mama mkwe kaniona natazama. Kaniletea maji.

Jumamosi, 22 Machi

Nilitaka kuutupa mto. Mama mkwe kauokota, kaupangusa, kaniambia nimpe tepu.

“Simama.”

Sijawahi kupimwa na mtu tangu nianze kazi hii. Najipima mwenyewe siku zote, mbele ya kioo, haraka haraka, naingiza tumbo ndani. Mama kavaa miwani yake. Kanizungushia tepu taratibu, kainua mkono wangu mmoja, halafu mwingine, kanong'ona namba asije akaisahau. Themanini na tisa. Kanionya nisiingize tumbo ndani. Kaomba daftari aandike, nikampa hili — nikafungua kurasa za mbele haraka! Hata hivyo aliandika tu panapoandikwa wateja. Akauliza aandike mteja nani. Nikamwambia aandike anavyoona. Iko pale sasa, kwa mwandiko wake wa kutetemeka: Mama Mgeni, kiuno 89.

Yeye kafumua, mimi nimeshona, Mgeni kalala kwenye kapu la nguo kati yetu. Tumeondoa kipande cha sentimita ishirini na moja. Nikataka kuufunga pale pale. Mama kasema hapana, weka mkanda na vifungo vitatu, kwa kuwa utapungua tena, na tena. Vifungo vitatu! Mtu ambaye hajawahi kugusa cherehani. Nimevishona.

Nikamwomba radhi kwa lile taulo. Akasema taulo gani?

Kipande kilichobaki kimekuwa mto wa mwanasesere. Bibi Maswali kaupima kwanza kwenye kiuno cha mwanasesere. Anasema hataki makosa ya kizembe.

Jumatatu, 24 Machi

Nepi saba jana, nzito hasa. Bibi Maswali ndiye karani: kila nepi ikiloa anachora duara kwenye karatasi, mlangoni mwa friji. Ikiwa na zaidi ya mkojo anachora nyota. Kuna nyota nyingi.

Mume wangu anaosha vyombo. Anaimba vibaya, anaosha vizuri. Asubuhi nilikamua kidogo kwa mkono, kuipumzisha chuchu ya kulia — robo kikombe. Kaipokea kwa mikono miwili. Kaifunika, kaandika tarehe na saa, kaiweka katikati ya ile rafu tupu, kafunga mlango polepole. Kisha kaufungua tena, aone kama bado iko.

Chuchu inapona. Nikimaliza kunyonyesha napaka tone la maziwa, naacha ikauke. Mgeni akishiba anaachia mwenyewe, mikono inalegea, ulevi mtupu. Namtazama mpaka naambiwa chakula kinapoa.

Nina furaha. Niandike tu, nina furaha. Ila kesho ni Jumanne. Nikimbeba namwona mzito, halafu najiambia unajidanganya, na wewe kwa vipimo tumeshakuona.

Jumanne, 25 Machi

Kliniki, kwenye benchi. Kadi yetu ni namba kumi na saba, wako kwenye kumi na nne. Naandikia gotini, Mama mkwe kambeba Mgeni.

Asubuhi wakati tunatoka mume wangu alilitazama kopo, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia liache pale, tukilihitaji najua lilipo. Na kweli sikusikia uchungu kusema hivyo. Nikambusu shavu. Ananukia sabuni ya vyombo.

Kumi na tano.

Kaamka! Anageuza kichwa, anatafuta, mdomo uko wazi. Sasa hivi? Watatuita. Mama anasema mtoto hajui foleni. Haya, mpe hapa.

Nimevaa mto. Kifungo cha pili! Jumamosi nilianzia cha kwanza. Mgongo nimeuegemeza ukutani. Pua kwenye chuchu. Ngoja. Ngoja... Amepanua. Nimemleta.

Haumi. Hata kidogo.

Naandika kwa mkono mmoja, herufi zinapanda mlima. Mama wa pembeni yangu, tumbo lake kubwa, anautamani mto. Anauliza nilinunua wapi. Nimemwambia nimeshona mwenyewe, mimi ni fundi. Macho yakamng'aa. Anataka nimpime leo leo, tepu si ninayo kwenye begi?

Nimemwambia njoo ukishajifungua.

Kumi na sita wametoka. Kh. Kh. Kh. Sikumbuki kama aliwahi kumeza kwa kasi hii.

“Namba kumi na saba!”

Nesi Miwani yuko mlangoni, anapapasa mifuko, miwani kichwani. Mama mkwe kasimama na begi, kisha kaketi tena. Ananinong'oneza mwache ashibe kabisa, aongeze gramu.

“Kumi na saba!”

Nimenyoosha mkono wenye kalamu. Tupo, nesi. Tunakuja. Mzani uko pale tangu asubuhi, hautahama. Upande wa kushoto bado, na huyu bado anameza, acha amalize kwanza.